Vichwa Yote Iko Baridi

Siku ya Kwanza, tarehe 6 mwezi wa kumi

Watoto wamelala. Mvua inapiga juu ya tole, mabati ya paa, siwezi ata kusikia wanavyopumua. Naandika kidogo mbele waamke na kilio.

Leo ugonjwa ya macho tena. Mapacha ya mama muuza-makaa walifika kope imeshikana kama mutu amewapaka bui, uji ya jana. Nikawasafisha na maji ya uvuguvugu, kila mumoja na pamba yake – hiyo nilijifunza. Lakini mbele nimalize walikuwa wamekwisha kukumbatia wenzao. Mutoto wa miaka mitatu utamuambia nini? Leo usipende mwenzako?

Mama Régine, infirmière, muuguzi wa kituo cha afya, alipita saa ya bui. Akaangalia gardienne yetu yote, hii nafasi ya kulelea watoto: mikeka inagusana, vikombe mbili ya plastiki inazunguka kwa watoto wote, dirisha moja, na hiyo imefungwa juu ya baridi. Hakutugombeza. Alisema tu kama mafua, kuhara, macho, yote inatembea kwa mikono na kwa pumuzi, na siye hapa tunapanga watoto kama beignets, mandazi mu beseni. Akatuachia sheria: kunawa, kutenganisha, kufungua dirisha. Na mutoto mwenye mwili inachoma, arudi ku mulango. Asiingie.

Pasteri Athanase alikuwa anasikia. Salle, hii ukumbi, ni ya kanisa lake, yeye njo alitupatia. Mwaka jana kuhara ilipita hapa na alizika mutoto mumoja, kisanduku kidogo, alikibeba mwenyewe. Akaniambia: «Mama Schola, ugonjwa ya vile ikiingia tena, nafunga. Mi siwezi kuzika tena.» Hakusema na kasirani. Alisema kama mutu amechoka.

Na akifunga? Watoto watarudia mugongo ya mama zao, ku kazi ya kupasua mawe, ku soko, ku barabara ya magari makubwa. Ao mulango na kufuli inje, mutoto ndani, kama zamani. Mi niliona hiyo. Njo sababu nilianza hii kazi.

Ile thermoflash, bunduki ya kupima moto ya mwili, ya wakati wa Ebola, tulibadilisha pile, betri yake, inakataa kuwaka. Basi itakuwa mukono yangu. Mugongo ya mukono juu ya paji ya uso, mutoto kwa mutoto, kila asubui. Nimelea wangu, mukono inajua.

Bwana, bariki hii mukono. Na uniangalilie Aimé, mujukuu wangu. Mama yake, binti yangu Arlette, iko Mongbwalu anapikia wachimba-zahabu, na wakati wa chanjo ya surua barabara ilikuwa imefungwa, mutoto hakuchanjwa. Amelala hapa karibu na muguu yangu, katikati ya wenye macho mekundu. Nitamuweka wapi pengine?


Siku ya Pili, tarehe 7

Nimemurudisha Tina wa Solange.

Solange alikimbia kutoka upande wa Kpandroma, sasa anakaa mu site ya wakimbizi na anapasua mawe ya kujengea. Tina ni binti yake wa miaka ine. Mutundu! Sauti yake mu wimbo inapita ya wote. Lakini leo kichwa ilikuwa moto kama sufuria.

Solange akaweka mikono ku kiuno. «Mama Schola, mukono yako imekuwa thermoflash sasa?»

«Muangalie kama iko na pile!» mwengine akasema nyuma.

Wamama wakacheka. Mi pia nikacheka. Lakini sikulegea. Nikasema polepole, mwanangu, kesho akipona mulete, leo hapana. Solange akaacha kucheka. «Koko, bibi yangu, unajua nitamuweka wapi?» Akamukamata Tina mukono wakaenda, na niliangalia: hawakuenda upande wa site. Walienda upande wa mawe. Mutoto na homa yake, kukaa ku jua kando ya nyundo.

Nimefanya vizuri. Nafikiri nimefanya vizuri.


Siku ya Ine, tarehe 9

Asante Yesu! Vichwa yote iko baridi!

Nilikamata mukubwa na mudogo – baridi, baridi, baridi, kama jiwe ya mutoni. Tina amerudi, yeye pia baridi. Adèle, mwenye tunafanya naye kazi, akasema: «Mama Schola, mukono yako inaponyesha!» Nikamuambia asicheze na mambo ya Mungu. Lakini moyo yangu iliruka kidogo, nisidanganye.

Na wamama wamejua kunawa! Mbele ilikuwa kuwasukuma kama mbuzi. Sasa wanafanya mustari wao wenyewe ku ile ndoo yenye robinet, bomba ya kunawia, pale inje ya lupango, ua ya kanisa, na mumoja wao ameleta kitambaa, kipande ya kikwembe, kitenge ya kijani, akaitundika ku musumari. Ya kukausha mikono. Hakuna mutu aliwaomba! Jioni niliichukua, nikaifua na sabuni yangu mwenyewe, nikairudisha pale. Kitu kidogo vile, na nilikaribia kulia.

Sasa hii njo sielewi: macho inaongezeka. Ilikuwa mapacha, leo karibu nusu ya salle. Na makamasi ya kijani, na kikohozi. Tumefanya kila kitu. Vikombe tulikata ku chupa za maji, kila mutoto na yake, Adèle alichora alama: samaki, nyota, jembe, kuku. Dirisha iko wazi, tunatetemeka. Mikeka tumegeuza, kichwa ya huyu ku miguu ya huyu. Vichwa baridi, mikono safi, vikombe mbalimbali. Ugonjwa inapita wapi?

Nimefunga leo, sikula mpaka jioni. Nilimuuliza Mungu. Hajajibu bado.


Siku ya Tano, tarehe 10

Amejibu. Heri angenyamaza.

Mvua ilikatika, tukaachilia watoto inje. Nilikaa ku kizingiti kumukatia Aimé makucha. Tina alikuwa mama: gunzi ya mahindi ku mugongo, amelifunga na kitambaa cha kichwa cha mwenzake. Wengine pia, kila mumoja na gunzi ao kijiti. Na kasichana kengine kalisimama peke yake, kiuno imevunjika kidogo, mukono moja imenyooshwa mbele. Nikaona: aa, huyu njo mimi! Nikacheka peke yangu.

Kisha Tina akashusha gunzi. Akachukua kitambaa ya kijani ku musumari, akaichovya mu maji, akapangusa gunzi – paji ya uso, macho, pua, mashavu – akapuliza juu yake, fuu, fuu. Na sauti ilikuwa ya Solange kabisa:

«Nyamaza. Usikohoe. Koko Schola atakamata kichwa. Ukikohoa atakurudisha, na tutakula nini?»

Akapatia mwenzake kitambaa. Huyo naye akapangusa wake, akapuliza, akapatia mwengine. Mustari muzuri, bila kusukumana. Ni mustari ile ile ya asubui.

Wakafika kwa yule mwenye kuwa mimi. Akaweka mugongo ya mukono. «Baridi! Asante Yesu! Ingia!»

Mukasi ilianguka. Aimé akalia, nafikiri nilimukata.

Kitambaa moja. Nyuso yote. Wenye macho na wazima, wenye makamasi na wasio nayo, kila asubui, mbele tu ya mulango yangu. Na mimi naifua jioni na kuitundika kama bendera! Hakuna mutu aliyeleta hii ugonjwa ndani. Ni mukono yangu iliita ile kitambaa. Kama singekamata vichwa, wasingekuwa na lazima ya kuvipoza.

Sijamuambia Adèle. Nimeingiza kitambaa mu mufuko ya robe, gauni yangu. Imelowesha muguu yangu siku muzima.


Siku ya Posho, tarehe 11

Nimeichoma. Ilikuwa mbichi, ilikataa kushika moto, ikatoa tu moshi mweusi. Jirani akauliza ninapika nini.


Siku ya Mungu, tarehe 12

Ibada. Mahubiri ilikuwa juu ya mwanamuke mwenye aligusa nguo ya Bwana akapona. Niliangalia chini wakati wote.

Kisha nilimungojea Solange inje. Nilitaka kumuuliza na upole, lakini aliniangalia tu na akajua.

«Ni mimi nilileta, Mama Schola. Hao wengine walifuata.»

«Juu ya nini, binti yangu?»

Akafunga tena kikwembe yake, polepole, kama mutu anatafuta maneno. Akasema mimi nilikuwa mutu wa mujini wakati wa Ebola, lakini yeye, kule kwao, aliona dada yake akipimwa ku barrière, kizuizi ya barabara, na ile bunduki. Ikalia. Walimuchukua ku mahema ya Ebola na hakurudi. Na ilikuwa malaria! Akasema kwao mutoto mwenye moto, mama anamupoza mbele ya kufika kwa mutu mwenye kupima, kila mama anajua, ni kama vile kumuvalisha. Hakuna mutu anaona ni uwongo.

«Na ile siku ulimurudisha, alikaa ku mawe. Vumbi ilimuingia mu kifua. Pale kwako angalau kuna mukeka.» Kisha akacheka kidogo. «Weye mwenyewe ulisema: akiwa baridi, mulete. Nilimuleta baridi.»

Nikamuambia sina hasira. Ni kweli, sina. Nikauliza Tina iko namna gani. «Anakohoa. Macho inamusumbua. Itapita.»

Tuliomba pamoja pale pembeni ya ukuta. Mikono yake ni kama mawe yenyewe. Nilisema tu Bwana, Bwana.


Siku ya Kwanza, tarehe 13

Siku mbaya. Niandike namna ilivyokuwa.

Asubui nilisimama ku ndoo mbele wamama wanawe. Nikasema: nimemaliza kukamata vichwa. Hakuna mutoto nitarudisha tena. Lakini muniambie kweli. Mwenye anachoma atalala upande ule, nyuma ya pazia, Adèle atakaa nao, na wazima watakaa na mimi. Basi.

Kila mutu anaangalia miguu ya mwenzake.

Kisha mama wa mapacha: «Hawa hawakulala. Wote wawili.» Mwengine: «Wangu anatapika.» Mwengine: «Wangu anachoma toka jana, siku ya Mungu.» Ikawa kama maji imepata njia. Walikuwa wanashukuru! Mumoja alinikamata mabega akalia.

Na tukaanza kuwapeleka nyuma ya pazia. Adèle akasema, Mama Schola, tusogeze pazia kidogo. Tukasogeza. Akasema tena. Tukasogeza mpaka upande wa wazima ikabaki mukeka moja: Aimé, na mutoto wa muuza-samaki, na wengine wachache wenye hawakujua waende wapi. Mwishowe tuliacha pazia. Ilikuwa inatuchekesha, na si kicheko kizuri.

Kweli nimeipata. Nitaiweka wapi?

Tina alikuwa amelala uso ku ukuta. Hakuimba. Nilipomugeuza kumupa maji niliona nyuma ya masikio, ku shingo, mpaka ku kifua chini ya robe – vidoti vidogo, vyekundu, vingi. Na macho ile, na kikohozi ile. Na siye tulikuwa tunasema ni macho tu! Vichwa baridi, asante Yesu!

Mama Régine alikuja mbio. Hakukaa ata chini. «Surua.» Akamufungua Tina kinywa, akamusikiliza kifua, uso yake ikabadilika. Solange akaitwa ku mawe, akafika na vumbi nyeupe mpaka ku kope, akamufunga mutoto ku mugongo, wakaenda hospitali na pikipiki. Tina aliniangalia juu ya bega ya mama yake. Sijui kama aliniona.

Nikamuuliza Mama Régine: na hawa wengine? Na chanjo? Alisema ameomba. Wanasema itafika. Nikauliza lini. Akarudilia tu: itafika.

«Basi tufunge?» Pasteri Athanase akauliza.

«Kufunga, kufungua, Pasteri, wamekwisha kupumua pamoja wiki muzima. Ukifunga wanaipeleka ku site, ku soko, ku mawe. Usipofunga inabaki hapa na inachukua wazima.»

Pasteri alikaa ku banc, benchi ya watoto, ile fupi, magoti karibu na kidevu. Kisha akasema watoto wenye kuchoma wabaki kwao, na yeye mwenyewe atasimama ku mulango kila asubui. Akipata ata mumoja mwenye moto, salle inafungwa. «Si kwa kukukatalia, Mama Schola. Weye ni mwenye huruma sana.»

Atawakamata na nini? Na mukono. Mugongo ya mukono juu ya paji ya uso.

Usiku huu Aimé amelala ku kifua changu. Baridi. Nimemukamata tena na tena. Baridi.


Siku ya Tatu, tarehe 15

Solange alipiga simu. Tina wamemuwekea tube ya hewa mu pua. Hanywi. Midomo imepasuka. Solange akasema: «Anaita jina yako, koko. Anasema: niko baridi, niingie.»

Pasteri anasimama ku mulango na koti yake. Watoto wanapita: baridi, baridi, baridi. Anafurahi. Anasema Mungu anatenda! Na mi nasimama nyuma yake na naona. Kila mama sasa iko na kitambaa yake mwenyewe, ndani ya blouse, karibu na titi. Naona alama ya maji ku nguo. Angalau sasa kila mumoja na yake! Hiyo sheria wameishika.

Ningesema. Ningemuita Pasteri pembeni. Nilifungua kinywa, na mama wa mapacha akaniangalia, tu hivi. Nikaifunga.

Adèle amefika na macho yake mwenyewe yamefumba. Nilimurudisha nyumbani. Nimebaki peke yangu na salle.


Siku ya Ine, tarehe 16

Aimé alikohoa. Mara moja. Ni vumbi.

Inanyesha toka juzi. Vumbi ya wapi?


Siku ya Tano, tarehe 17, asubui

Anachoma.

Nilijua mbele nimuguse. Niliisikia kwa mukeka. Macho yake inalia maji, anakataa mwangaza wa dirisha. Nyuma ya masikio hakuna kitu bado. Nimeangalia na tochi. Hakuna kitu. Inaweza kuwa mafua tu. Watoto wanapata mafua, ni kipindi chake.

Nilienda kwa jirani, mama muzee, na kumuomba abaki naye leo tu. Aliangalia Aimé, akaangalia wajukuu wake pale nyuma, akasema: «Unisamehe, Mama Schola.» Iko na haki. Mi pia ningesema vile.

Arlette simu yake haipiti.

Nikibaki nyumbani, hakuna mutu ku salle. Adèle haoni. Pasteri atafunga leo leo, na wale wote – jana nilihesabu wenye walikula bui mpaka mwisho, wenye walicheza. Wako wangapi wazima kweli? Sijui. Wamama wamekwisha kutoka ku njia, nasikia sauti zao. Wanaongea polepole. Kila mumoja na kitambaa yake.

Nikienda na yeye, Pasteri atanyoosha mukono. Kwangu pia. Alisema kila mutoto.

Nilisimama ku beseni. Sikuamua kitu, naapa, sikukaa nikasema sasa nitafanya hivi. Nilirarua tu kipande ku kikwembe yangu ya zamani. Maji ilikuwa inje usiku muzima, iko baridi sana.

Sijaomba leo. Naona haya kuanza.

Naandika na mukono wa kuume. Wa kushoto, na kile kitambaa cha maji, iko juu ya kichwa yake. Napuliza, fuu, fuu. Anacheka mu homa yake, anafikiri tunacheza. Nimemuambia: nyamaza, mwanangu. Usikohoe.

Ku njia mumoja wa wamama anaita jina yangu, twende ku salle –